Je, Mgeni Aogope Maandamano Yetu?

Kila mara vijana wa Nairobi wanapoingia barabarani na mabango yao, sauti mbili husikika upesi sana. Ya kwanza hutoka katika balozi za kigeni, zikiwaonya raia wao wakae mbali na katikati ya mji. Ya pili hutoka kwa wakubwa wetu wenyewe, nayo huwaambia waandamanaji kwamba wanaiharibu nchi, kwa kuwa watalii watakimbia na fedha za kigeni zitakatika. Sauti ya kwanza ina haki yake, maana kila serikali yapaswa kuwalinda watu wake popote walipo. Hiyo ya pili ndiyo tunayotaka kuitazama leo, kwa sababu imekaririwa miaka mingi bila ya kupimwa, na mara nyingi hutumiwa kuwanyamazisha wananchi.

Swali lenyewe ni jepesi kulitaja. Je, mtu aliyetoka Ujerumani, au Uchina, au Marekani, kuja kuwatazama nyumbu wa Maasai Mara au kuota jua katika ufuo wa Diani, amo katika hatari ya kweli kwa ajili ya maandamano ya kisiasa ya wenyeji? Sisi twajibu kwamba hatari hiyo ipo lakini ni ndogo, tena si ya namna ile inayodhaniwa. Mwenye hatari kubwa ni mwenyeji. Humjia kwanza kwa risasi, na baadaye humjia kwa njaa.

Tuanze na mambo ya pwani, kwa maana huko ndiko somo hili lilikofundishwa kwa uchungu zaidi. Usiku wa tarehe 13 Agosti, 1997, kundi la watu wenye silaha lilishambulia kituo cha polisi cha Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, likawaua askari sita na kuchukua bunduki. Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 100 waliuawa, na wengine wapatao 100,000 wakayahama makao yao. Waliokuwa wakiwindwa ni wabara, yaani watu wa makabila ya bara waliokuja pwani kutafuta riziki. Hayo hayakuwa maandamano, yalikuwa mauaji yaliyopangwa, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu wa Desemba, na Tume ya Jaji Akiwumi ilikuja kuyachunguza. Twayataja kwa sababu yalitokea kando ya barabara ileile ipitayo Likoni kwenda katika mahoteli ya Diani. Kama kuna mahali ambapo siasa za wenyeji zingaliweza kumwangamiza mtalii, ni hapo. Lakini wenye mapanga na bunduki hawakuwa wakimtafuta mtalii. Walimtafuta mpishi wake, dereva wake, na mwanamke aliyemfulia nguo.

Hata hivyo wageni walikoma kuja. Ndege za kukodi zilipungua, mahoteli mengine yakafunga milango na mengine yakabaki na vyumba vitupu. Juu ya hayo ikaja mvua kubwa ya El Niño iliyozing'oa barabara, na mwaka uliofuata, tarehe 7 Agosti, 1998, ukaja ule mlipuko wa bomu katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi uliowaua watu zaidi ya 200. Pwani ilikaa miaka kadhaa ikiuguza majeraha yake. Mpishi aliyeokoka panga alikuta jiko limefungwa.

Miaka 10 ikapita, jambo likarudi kwa ukubwa zaidi. Matokeo ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, yalipopingwa, nchi yetu iliingia katika majuma mengi ya kumwaga damu. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa, na mamia ya maelfu wakawa wakimbizi katika nchi yao wenyewe, mpaka Bwana Kofi Annan alipowakutanisha wakubwa wa pande mbili na mkataba ukatiwa sahihi tarehe 28 Februari, 2008. Damu ilimwagika Eldoret, Kisumu, Nakuru, Naivasha na katika vitongoji vya Nairobi. Safari hii pia watalii hawakuwa walengwa. Wengi wao walikuwa mbugani wakipiga picha za simba, au ufuoni, na walizijua habari za ghasia kwa kupigiwa simu na jamaa zao waliokuwa wakitazama televisheni huko Ulaya. Wageni waliofika Kenya mwaka 2007 walikuwa kiasi cha milioni 1.8. Mwaka 2008 walishuka wakawa kiasi cha milioni 1.2. Mapato yalianguka kutoka shilingi bilioni 65 hivi hadi kiasi cha bilioni 53. Maelfu ya watumishi wa mahoteli walirudishwa makwao, wengine bila ya kupewa hata nauli.

Yafaa wasomaji wetu waelewe jinsi mambo haya yanavyokwenda, kwa sababu wengi hudhani kwamba mtalii mmoja mmoja huogopa, kisha huamua kutokuja. Si hivyo. Watalii wengi wa pwani walikuwa wakiletwa na makampuni, kwa ndege za kukodi, na kila mmoja amekatiwa bima. Sasa wizara ya mambo ya nje ya nchi kama Uingereza ikitoa ilani kwamba raia wake wasiende mahali fulani isipokuwa kwa shughuli ya lazima, bima nyingi za safari hukoma kufanya kazi kwa mahali hapo. Kampuni haiwezi kumpeleka mtu asiye na bima. Basi ndege hufutwa, hata kama mgeni mwenyewe amekwisha funga sanduku lake na hana woga wowote. Karatasi moja iliyoandikwa London yaweza kuzima majiko ya Ukunda kwa miezi mingi.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa Mei 2014. Serikali ya Uingereza ilitoa ilani juu ya Mombasa kwa hofu ya magaidi, na makampuni ya Thomson na First Choice yakawaondoa wateja wao mamia kwa siku mbili, yakafuta safari zao za Mombasa hadi mwisho wa Oktoba. Ilani ile haikuhusu maandamano hata kidogo. Ilihusu ugaidi, na hatusemi kwamba haikuwa na sababu. Lakini twaona jinsi ilani inavyofanya kazi: haimpimi mgeni aliyelala kitandani Diani, hupima eneo katika ramani, na ramani ikichorwa kwa kalamu nene hufunika watu wengi wasiohusika.

Hapa sharti tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Gaidi humtafuta mgeni makusudi, kwa kuwa ajua kwamba kifo cha mgeni kitasikika dunia nzima. Ndivyo ilivyokuwa Luxor, nchini Misri, tarehe 17 Novemba, 1997, walipouawa watalii 58. Ndivyo ilivyokuwa Kikambala tarehe 28 Novemba, 2002, hoteli ya Paradise iliposhambuliwa kwa sababu ya wageni wake wa Kiisraeli. Na hata hapo Kikambala, katika watu 13 waliouawa na washambuliaji, 10 walikuwa Wakenya, wakiwamo wachezaji ngoma waliosimama kuwakaribisha wageni. Mwandamanaji ni mtu mwingine kabisa. Ana shauri na serikali yake: juu ya kodi, juu ya kura, juu ya ndugu yake aliyepotea. Mgeni si mshitakiwa katika shauri hilo, wala si shahidi. Akipita karibu, aghalabu waandamanaji humpungia mkono ili awapige picha.

Sasa tutazame mwaka 2024, kwa maana huo ndio unaoivunja hoja ya wakubwa wetu. Mnamo Juni vijana waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 Juni waliingia ndani ya Bunge, na sehemu ya jengo ikawaka moto. Picha hizo zilionekana ulimwenguni kote, pamoja na ile ya Bibi Auma Obama akipigwa na moshi wa machozi alipokuwa akihojiwa na televisheni ya CNN. Siku ya pili yake Rais Ruto alikataa kuutia sahihi mswada. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, kufikia mwanzo wa Julai, ilikuwa imekwisha hesabu watu 39 waliokufa. Kwa hesabu ya wale wanaosema maandamano hufukuza watalii, mwaka huo ungalikuwa wa msiba kwa mahoteli. Lakini wageni waliofika Kenya mwaka 2024 walikuwa kiasi cha milioni 2.4, hali mwaka 2023 walikuwa kiasi cha milioni 2.1. Hawakupungua. Waliongezeka, wakapita hesabu ya miaka yote iliyotangulia.

Kwa nini mwaka 2008 wakimbie, na mwaka 2024 waje? Sisi twaona sababu mbili. Kwanza, mwaka 2008 barabara kuu za nchi zilikatika na wananchi waliuana kwa kabila majuma kwa majuma, na hapana aliyejua mwisho wake. Mwaka 2024 maandamano yalitangazwa mapema, kwa siku zinazojulikana, Jumanne na Alhamisi, tena mengi yake katika mitaa ya katikati ya miji. Mgeni anayetua uwanja wa Jomo Kenyatta, akaenda Wilson kupanda ndege ndogo ya Mara, hana haja ya kuiona Kenyatta Avenue. Dereva mwenye akili humpitisha njia nyingine, na jioni yule mgeni yuko mbugani anakunywa chai. Pili, dunia imejifunza kusoma habari vizuri zaidi kidogo. Ilani za siku hizi mara nyingi hutaja mtaa na tarehe, si nchi nzima.

Twasema zaidi kidogo, kwa kuwa ubaguzi haujakwisha. Mwaka 2018 watu wa Paris waliovaa vizibao vya manjano waliteketeza magari na kuharibu hata lile tao lao maarufu la ushindi, Arc de Triomphe, mnamo tarehe 1 Desemba. Mwaka huohuo Ufaransa ilipokea wageni wapatao milioni 89, na hapana nchi iliyopata wageni zaidi. Hatukusikia mtu akisema kwamba Ulaya haifai kutembelewa. Lakini ugonjwa wa Ebola ulipozuka Afrika ya Magharibi mwaka 2014, watu walifuta safari za Mara na Serengeti, ijapokuwa kutoka Liberia hadi Nairobi ni mbali kuliko kutoka Liberia hadi Hispania. Wenye kupanga safari huko ng'ambo wangefanya vema kununua ramani.

Wala hatutaki kumdanganya msomaji kwamba hapana hatari yoyote. Iko, na ni haki tuitaje. Iliyo ya kawaida zaidi ni ya kukwama njiani. Mwishoni mwa Novemba 2008 wapinzani wa serikali ya Thailand waliukalia uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, kwa muda wa juma moja hivi, na maelfu kwa maelfu ya wasafiri wakalala nchi ya watu bila ya kupenda. Hapa kwetu, tarehe 11 Septemba, 2024, wafanyakazi wa uwanja wa Jomo Kenyatta waligoma kuupinga mpango wa kuukabidhi uwanja huo kwa kampuni ya Adani ya India, na ndege nyingi zikachelewa. Tarehe 7 Julai, 2025, siku ya Saba Saba, ni polisi wenyewe waliozifunga barabara ziingiazo Nairobi. Wasafiri walishuka katika matatu wakaenda kwa miguu, wenyeji na wageni sawasawa. Siku ile Tume ya Haki za Binadamu ilihesabu watu zaidi ya 30 waliokufa, na wote tuliosikia habari zao walikuwa watu wetu.

Hatari ya pili ni moshi wa machozi na risasi isiyo na macho. Bomu la machozi halichagui pasi ya kusafiria, na mtu anayesogea karibu ili apige picha amejipeleka mwenyewe. Hatari ya tatu ni nadra, lakini ndiyo mbaya zaidi, nayo ni pale hasira ya watu inapoligeukia jengo. Tarehe 9 Septemba, 2025, mjini Kathmandu, Nepal, siku moja baada ya polisi kuwapiga risasi vijana waliokuwa wakiandamana, umati uliteketeza Bunge, na majumba ya wakubwa, na hoteli ya Hilton. Katika hoteli nyingine ya mji huo, mgeni kutoka India alikufa akijaribu kuukimbia moto. Hatuwezi kulipita jambo hilo kana kwamba halikutokea. Lakini na tuutazame mfuatano wake. Hoteli hazikuchomwa siku ya maandamano. Zilichomwa kesho yake, baada ya kuuawa vijana.

Na hapo ndipo hoja ya wakubwa wetu inapogeuka juu chini. Wao husema: wazuieni waandamanaji, ili watalii waje. Matukio yasema vingine. Maandamano yanayoachwa yapite humchelewesha mgeni saa mbili. Maandamano yanayovunjwa kwa bunduki huzaa maziko, na maziko huzaa maandamano mengine, na ni katika duru ya tatu au ya nne ndipo maduka yanapovunjwa na barabara kufungwa. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 37, yampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Haisemi isipokuwa msimu wa watalii. Mwenye kumwambia kijana wa Kayole kwamba anyamaze ili chumba cha hoteli kisikose mtu, anamwambia kwamba uhai wa nchi hii ni wa wapita njia.

Kuna na dawa nyingine mbaya ambayo serikali za huku kwetu zimeipenda, nayo ni kuzima habari. Tarehe 29 Oktoba, 2025, siku ya uchaguzi mkuu wa ndugu zetu wa Tanzania, ghasia zilipozuka katika miji kadhaa, intaneti ilikatwa nchini kote kwa siku kadhaa, na amri ya kutotoka nje usiku ikatolewa Dar es Salaam. Labda waliokata walidhani kwamba dunia isipoona haitaogopa. Lakini mfikirie mgeni aliyekuwa Nungwi au Serengeti, mbali kabisa na ghasia zile. Hakuweza kumwarifu mama yake kwamba ni mzima. Hakuweza kuuliza ndege yake kama inaruka. Hoteli haikuweza kupokea malipo kwa simu. Kimya kile kilimtia mama yule hofu kubwa kuliko picha yoyote ya matairi yanayowaka, na mama yule ndiye atakayewaambia jirani zake wasiende.

Wenye mahoteli na makampuni ya safari wangefaidika zaidi kama wangeidai serikali jambo moja tu: habari za kweli, kwa mtaa na kwa saa. Semeni kwamba leo asubuhi Moi Avenue ya Mombasa ina waandamanaji, lakini kivuko cha Likoni chafanya kazi. Kwamba barabara ya Narok ni salama, lakini ile ya kuingia katikati ya Nakuru isubiri hadi jioni. Ubalozi ukipata habari ya namna hiyo, na ukaiona kuwa ni kweli mara tatu, mara ya nne hauna sababu ya kuifunga nchi nzima kwa ilani moja. Ukidanganywa mara moja, utachukua kalamu ile nene.

Kwa mgeni mwenyewe hatuna maneno mengi. Amsikilize dereva wake, kwa kuwa dereva ana watoto na anataka kurudi nyumbani. Aende uwanja wa ndege mapema siku yenye maandamano. Asijitie katika safu za watu kwa kutaka picha, wala asishike bango, maana ugomvi huu si wake na polisi hawatamwuliza nia yake. Asome ilani ya nchi yake yote, si kichwa chake tu.

Lakini liko jambo ambalo halisemwi na upande wowote, nalo latuuma zaidi. Mwaka 1998 na mwaka 2008 pia, mahoteli yalipokosa wageni, hapana aliyekuwa na akiba kwa ajili ya mtandika vitanda. Wengi walikuwa vibarua wa msimu, wasio na mkataba, nao waliambiwa warudi watakapoitwa. Pamoja nao waliumia mvuvi wa Gazi auzaye pweza na kamba kwa majiko ya hoteli, na mchonga vinyago wa Changamwe, na mama auzaye leso ufuoni, na mkulima wa Kwale aliyepanda mboga kwa ajili ya saladi za Wazungu. Hao hawamo katika hesabu yoyote ya wafanyakazi, lakini ilani ya London huwafikia upesi kuliko barua ya posta.

Nchi hii hukusanya ushuru wa utalii, sehemu mbili katika kila mia ya mapato ya hoteli, nao huingia katika Mfuko wa Utalii. Fedha hizo hutumika kwa mafunzo, kwa kutangaza nchi, na kwa mambo mengine ambayo hatuyapingi. Twaiomba Wizara, na twakiomba chama cha wafanyakazi wa mahoteli, KUDHEIHA, wakae na wenye mahoteli waamue ni kiasi gani cha ushuru huo kiwekwe kando katika miaka ya neema, kiwalipe watumishi angalau nusu ya mshahara kwa miezi mitatu ndege zinapofutwa, awe mtu ana mkataba au ni kibarua. Uchaguzi mkuu ujao ni wa Agosti 2027, yaani katikati ya msimu wa nyumbu. Mazungumzo hayo yafanywe kabla ya siku hiyo.